Neno Alilokufa Nalo Askari

Punda alikataa kuingia ndani. Utasema si ajabu, punda ni punda, na tangu lini akafanya alichoambiwa? Lakini Tausi hakuwa punda wa namna hiyo. Miaka yote aliyomchukulia Husseini nazi na tumbaku kutoka Chundwa hadi Kizingitini na kurudi na samaki wakavu, akifika nyumbani alikuwa akitangulia yeye, akausukuma mlango kwa pua, akaenda zake uani kivulini kwenye karai lake la maji. Siku hiyo, jua likiwa utosini, alikuja mbio hadi mlangoni, akanyanyua mguu wa mbele avuke kizingiti, na mguu ukabaki pale pale juu.

Husseini alidhani ni mwiba. Akashuka, akautazama ukwato, hakuona mwiba. Akajaribu kuushusha ule mguu, haukushuka. Ulikuwa mgumu kama mchi.

"Hadia," aliita. "Ndoo uone."

Hadia mkewe alitoka polepole, mkono kiunoni, maana mimba yake ilikuwa imekaribia siku zake. Alimtazama punda usoni. Mwili wote wa mnyama ulikuwa umekauka kama gogo, lakini macho yalikuwa yakizunguka huku na huku, yanaona kila kitu, yanaomba.

"Tazama mato hayo," Hadia alisema kwa sauti ya chini. "Umemfanya nini, Bwana Husseini?"

"Sikumfanya kitu. Ni yua."

"Na hapa mwangoni mbona kwanuka?"

Husseini alikuwa ameisikia ile harufu tangu kwenye kisima cha njiani, ikimfuata nyuma. Harufu ya nguo nzito iliyolowa ikavunda, na mafuta ya bunduki, na chini ya hayo damu. Akamwambia mkewe ni samaki.

Punda alisimama mchana kutwa. Walimvuta kwa kamba, wakamsukuma kwa mabega, majirani wakaja na ushauri wao ambao hakuna aliyeuomba. Akasimama usiku kucha. Kesho yake adhuhuri ngozi ya mgongo wake ikaanza kupasuka, mstari mmoja, halafu mwingine juu ya ule wa kwanza, na kila mstari ulikuja na mlio wa fimbo, na fimbo haikuonekana. Damu ilimtoka puani. Alikufa vile vile wima, na watu wakalazimika kumwangusha kwa magogo ndipo wakamburura kwenda kumfukia.

Sasa sina budi kusema habari za askari, na nitazisema bila ya kumpendelea mtu.

Ilikuwa miaka ile ya kabla ya vita vya Mjerumani. Askari mmoja alipelekwa akae kwenye Kisima cha Chumvi, katikati ya njia ya Kizingitini, atazame punda wa watu. Punda mwenye donda mgongoni alikuwa hapakizwi mzigo, ndivyo ilivyokuwa amri. Askari mwenyewe alitoka mbali, bara huko, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, nao watu wa Chundwa wanaodhani Kiswahili kilizaliwa jikoni mwao walikicheka mpaka mbavu zikawauma. Jina lake hakuna aliyelijua. Walimwita Bwana Simama.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja tu. Akikuambia simama, unasimama. Unashuka juu ya punda, miguu yako chini, mikono yako mahali anapoiona. Anakuuliza, "Nani kuja?" Unamjibu, "Rafiki." Unangoja. Anainua shogi, yale makapu ya ukindu yanayoning'inia huku na huku mgongoni mwa punda, anatazama kama kuna donda. Akiridhika anasema, "Pita, rafiki." Ndipo unapanda na kwenda zako. Aliyefuata hayo hakuguswa hata unywele, na aliyebisha alionja fimbo. Mimi naona hapakuwa na ugumu wowote, lakini mwambie mtu wa punda ashuke mbele ya watu uone atakavyokutazama. Nahodha hamfikii kwa kiburi.

Na mwenye kiburi kuwapita wote alikuwa Wazir, kaka yake Hadia. Yeye na Husseini walifanya kazi pamoja, kila mtu na punda wake, na siku moja adhuhuri walifika kisimani wakifuatana.

"Simama! Nani kuja?"

"Rafiki," alisema Husseini, naye tayari ameshashuka.

"Rafiki," alisema Wazir kwa kejeli, akavuta ulimi kuiga lafudhi ya askari, na hakushuka.

"Shuka."

"Sishuki. Mimi ni wa nti hii. Weye ndiwe mpita ndia."

Askari alimshika mguu akamvuta hadi chini, kisha akainua shogi. Donda lilikuwa pana kama kiganja, na funza wanatambaa ndani. Uso wa askari ulikunjamana kama mtu aliyeumizwa yeye. Akageuka akampiga Wazir fimbo ya shavu, ya nguvu, damu ikamruka mdomoni. Husseini aliona fimbo inanyanyuliwa tena, na kwa kumhurumia shemeji yake akaudaka mkono wa askari kwa mikono yake miwili. "Basi, bwana, basi," alisema. Hakutaka zaidi ya hayo. Lakini mkono wa Wazir ulikuwa umekwisha ingia ndani ya shogi na kutoka na panga la kufyekea, na askari hakuwa na mkono wa kujikinga, maana mkono wake ulikuwa umeshikwa na mtu mwema.

Panga liliingia baina ya shingo na bega. Wazir alilitoa akapiga tena, akapiga tena, mpaka kichwa kikalala upande. Askari alipiga magoti, na mdomo wake ukawa unafunguka na kufungika, unafunguka na kufungika, kama mtu aliyebakisha neno moja. Hakulisema. Wakamtupa kisimani, wakangoja kusikia mshindo wa maji, na hawakusikia kitu.

Serikali ilimtafuta, mwishowe ikasemwa ametoroka kurudi kwao. Husseini na Wazir waliapizana kutosema, na aliyefichwa siri hiyo kuliko wote alikuwa Hadia.

Kisha ikaja ile siku ya Tausi. Husseini alikuwa peke yake, amepanda, anapita pale kisimani huku amegeuza uso. Ikatoka sauti chini, nzito na yenye maji ndani yake: "Simama." Tausi akasimama. "Nani kuja?" Na ulimi wa Husseini, kwa mazoea ya miezi yote ile, ukajibu kabla akili haijaamka, "Rafiki." Kitu kilikuwa kinangoja, au kinatafuta cha kusema na hakikipati. Punda ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alijitupa mbele akakimbia, Husseini amemkumbatia shingo, na nyuma yao njia nzima kikasikika kijiti kinachoburuzwa mchangani, kinakuja, kinakuja, hadi mlangoni.

Hayo hakumwambia mkewe.

Baada ya punda alifuata jogoo. Hadia alimkuta mchana amesimama juu ya kizingiti, mguu mmoja juu, mdomo wazi, mgongo hauna manyoya wala ngozi. Husseini akaufunga mlango wa mbele, akamwambia mkewe watumie wa uani, eti mbele kuna joto.

"Joto haliui jogoo," Hadia alinong'ona. "Yeo nimesikia mtu aburuza fimbo ukutani. Hwenda akarudi, hwenda akarudi. Ni nani?"

"Ni upepo."

"Upepo hauna nyayo, bwana."

Husseini alimtazama tumbo, akaogopa sana. Alikuwa mtu mzima asiye na mtoto, na mke huyu alikuwa amekwisha wazika watoto wawili wachanga. Alijua kwamba akisema ukweli Hadia atamjua kaka yake ni nani na mumewe ni nani. Akanyamaza. Mtu akinyamaza sana nyumbani kwake, nyumba nayo humnyamazia.

Wazir alikuja adhuhuri, kwa miguu, na panga kiunoni na samaki mkononi kwa ajili ya dada yake. Alikuwa hana habari ya mlango wa mbele. Hadia alikuwa ukumbini akamsikia kwa furaha.

"Hodi! Bi Hadia, nimekuletea..."

Hakumaliza. Fimbo iliyokuwa ikiburuzwa ukutani ilitulia.

"Simama," ilisema sauti, wala haikuwa kubwa. "Nani kuja?"

Hadia alifungua mlango akamwona kaka yake mguu mmoja juu, uso umemgeuka kijivu. Mkono wake ulikuwa bado unaweza kwenda. Alichomoa panga, akalipiga hewani kwa nguvu zake zote, "Toka! Toka, ibilisi!" na panga likagonga kitu kisichoonekana likaruka, na hapo vidole vyake vikaanza kuvunjika kimoja kimoja kwa mlio kama kuni kavu, na kabla hajapiga kelele ikamshukia fimbo ya sikio, sikio likang'oka likabaki linaning'inia, ikafuata ya mgongo, shati likapasuka, ikafuata ya pale pale, nyama ikapasuka, na ya pale pale tena, mpaka mfupa ukaonekana mweupe katikati ya ule wekundu, na yeye hakuweza kuanguka, hakuweza kukimbia, hakuweza hata kuinama, alisimama na mguu wake juu akichapwa mbele ya dada yake, naye Husseini, aliyekuja mbio kutoka uani, amemkumbatia mkewe kwa nyuma anamziba macho, na damu inawarukia wote wawili usoni ikiwa ya moto.

Halafu ikasimama. Kwa sauti ndogo, ya mtu aliyekubali, Wazir akasema, "Rafiki."

Akangoja. Wote wakangoja. Hakuna kilichosemwa. Alisimama pale hadi damu yake ikaisha.

Msiba haujapoa, uchungu ukamshika Hadia. Akaitwa Bi Mwanamkisi kutoka Kizingitini, mkunga aliyesifika pia kwa kuzungumza na wasioonekana. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa hasira, na alipofika alizunguka moja kwa moja uani bila ya kuambiwa.

"Mwango wa mbele una mtu," alisema, akavua viatu. "Nani kamweka mtu pale?"

Akaosha mikono, akasoma Yasini, akatia ubani kwenye chetezo. Asubuhi yote kazi ilikwenda vizuri. Hadia alikuwa na nguvu, na Bi Mwanamkisi alikuwa akimtania kwamba mtoto ana kichwa kikubwa kama cha baba yake. Kisha jua likafika utosini. Moshi wa ubani, uliokuwa ukipanda na kujikunja, ukatulia wima kama uzi. Nje fimbo ikaanza kuburuzwa ukutani. Hadia akatoa sauti moja fupi, ikakatika.

Bi Mwanamkisi alitokea ukumbini, mikono yake imelowa, akamshika Husseini kifuani kwa shati.

"Mtoto amesimama," alinong'ona.

"Amesimama vipi?"

"Kama punda wako. Kitwa chake nakiona, na hendi mbele wala nyuma, na mamake naye hawezi hata kulia. Ndiani, huko upitako na punda, kumetokea nini? Niambie sasa hivi, Bwana Husseini. Mke wako hana muda wa uongo wako."

Akamwambia, mdomo sikioni, ili Hadia asisikie. Alimwambia yote: donda, fimbo, mkono alioushika, panga, kisima. Bi Mwanamkisi alisikiliza huku anatikisa kichwa polepole, na Husseini aliona macho yake yanajaa machozi, akashindwa kujua yanamlilia nani.

"Askari alisema simama?"

"Alisema."

"Na nani kuja, alisema?"

"Alisema."

"Na pita, alisema?"

Husseini alifungua mdomo. Akauona tena ule mdomo mwingine, unafunguka na kufungika. "Hakuwahi," alisema.

"Basi ndiyo hiyo. Kile kisima kina mwenyewe tangu babu zetu. Mumempa askari, naye amemnywa na maneno yake. Amepata yale aliyokwisha kuyasema, neno la mwisho hakulipata. Ajua kumsimamisha mtu, kumwachia hajui. Atampiga, atamuuliza, atamngoja, hadi afe."

"Mbona hakunishika mimi kule kisimani?"

"Ulishuka punda?"

"Sikushuka."

"Miguu iliyokuwa tini ni ya punda. Amemfuata punda." Bi Mwanamkisi alimsukuma kuelekea mlango wa mbele. "Nenda nde. Weye ndiwe uliyekuwapo, weye ndiwe utakayeshika mahali pa askari. Msimamishe yeye kabla hajakusimamisha. Muulize kama ulivyoulizwa. Akijibu, mtoe, mwende naye hadi ndiani mbali na nyumba, ndipo umwambie pita. Wanisikia? Ndiani, pita ni nenda zako. Mwangoni, pita ni karibu ndani. Usilitamke mwangoni!"

Husseini alifungua mlango. Mwanga wa adhuhuri ulimwingia machoni, na harufu ya nguo iliyovunda ikamjaa mdomoni. Hakuona mtu. Fimbo ya kwanza ilimpata usoni, jino likatoka. Ya pili ikamvunja ubavu. Akayumba, akashika mwimo wa mlango, akatema damu, akafungua mdomo na kilichomtoka hakikuwa Kiswahili cha Chundwa, kilikuwa cha kambini, kile walichokicheka.

"Simama! Nani kuja?"

Fimbo iliyokuwa inashuka ikakatika hewani. Aliusikia upepo wake shingoni. Kisha karibu kabisa na uso wake, mahali pasipokuwa na mtu, sauti ya Wazir ikasema, "Rafiki."

"Wazir?" aliita Hadia kutoka ndani, dhaifu. "Huyo ni Wazir?"

Husseini alisogea kuelekea njiani, hatua moja, kwa upande. Mchanga kando yake ukabonyea. Kilikuwa kinamfuata. Akapiga hatua nyingine, na ndani Hadia akapiga ukelele ambao hata mimi ninayesimulia sitaki kuuleza, na Bi Mwanamkisi naye akapiga kelele, "Ngoja! Ngoja! Apasuka! Wampasua!" maana kile kitu kilikuwa kimemshika mtoto, na kadiri kilivyokwenda nje ndivyo kilivyomvuta mtoto kwa nguvu isiyo na huruma, bila ya kumwachia, kama nanga inayong'oa mwamba, na damu ikatiririka chini ya pazia la chumba, ikapita ukumbini, ikakifikia kizingiti, naye Husseini akasimama katikati, mguu mmoja nje na mmoja mlangoni, njia iko hatua chache tu mbele ya macho yake, akajua kwamba akifika huko na neno lake hatakuwa na mtu wa kurudi kwake.

"Si hapo!" Bi Mwanamkisi alilia. "Bwana Husseini, si mwangoni!"

"Nisamehe, Bi," alisema Husseini. Alijua alichokuwa akifanya. Akasogea pembeni kama mwenye nyumba anayempisha mgeni, akasema, "Pita, rafiki."

Kikapita. Alikisikia kinamgusa bega kwa nguo yake ya maji. Bi Mwanamkisi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, mikono imetandazwa, akisoma kwa sauti kubwa. Kilimpiga ukutani, mkono wake ukavunjika mahali pawili. Pazia likatikisika. Moshi wa ubani ukajikunja. Na mtoto akatoka kwa mara moja, mzima, mwanamume, akalia.

Walimpa jina Bwanamkuu. Hadia aliugua sana akapona, na siku alipoweza kuketi alimuuliza mumewe, "Siku ile nilikusikia wasema pita, pita. Ulikuwa ukimkaribisha nani?"

"Mwanao," alisema Husseini.

Hadia akacheka kwa mara ya kwanza tangu alipofiwa. Alilipenda sana jibu lile, akawahadithia wanawake wenzake, nao wakalipenda.

Bi Mwanamkisi, mkono wake umefungwa vibanzi, alimwita Husseini uani kabla ya kuondoka. "Umemkaribisha. Sasa yumo, na kumtoa ni kumtoa mtoto. Mimi nyumba hii sitaikanyaga tena. Lakini mwambie mke wako lile neno, pita. Nyumba nzima ilijue. Siku moya hutakuwapo."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Angeanzia wapi? Neno lile lilikuwa na kisima nyuma yake, na kisimani mlikuwa na Wazir na panga lake, na Husseini na mikono yake miwili. Badala yake alijitwika kazi yeye mwenyewe. Adhuhuri hakwenda popote. Mgeni akifika saa hizo, alimwahi mlangoni akamwambia kwa upole asimame, aiweke mikono yake wazi, asijibu chochote atakachosikia, mtoto amelala. Watu walidhani ni mapenzi ya baba aliyechelewa kuzaa. Wakisimama pale, mguu juu, uso unaanza kuwageuka, Husseini alikohoa akasema kwa uchangamfu, "Pita! Pita ndani!" nao wakapita, wakijifuta jasho wasijue jasho hilo limetoka wapi. Hadia, aliyeamini mkunga amekwisha kukitoa kile kilichomuua kaka yake, aliwasikia akatabasamu. Alisema mume wake amekuwa mkarimu kuliko zamani.

Ikaenda hivyo hadi mtoto akaanza kukaa mwenyewe. Alikuwa mtoto mtulivu, hana usumbufu, isipokuwa tu nguo zake hazikukauka vizuri, na Hadia alizianika na kuzianika.

Siku moja punda mpya wa Husseini alipotea alfajiri, akamtafuta mashambani asubuhi nzima, akampata mbali. Alirudi amempanda, akimchapa, akitazama jua linavyopanda, na alipofika mbele ya mlango wake jua lilikuwa utosini. Akashuka. Alishuka kwa heshima kama mtu yeyote anavyoshuka nyumbani kwake, miguu yote miwili chini, akanyanyua mmoja avuke kizingiti.

Ndani, kitandani kwake, mtoto ambaye hajawahi kutamka hata mama alisema kwa uwazi, "Simama."

Husseini alisimama.

"Nani kuja?"

Alitaka kusema, baba'ako. Ulimi ukasema, "Rafiki." Kisha mdomo ukabaki wazi na hakikutoka kitu kingine.

Hadia alikuwa jikoni. Alisikia sauti asitambue maneno, akadhani mumewe anamchezesha mwanawe, akatoka akijifuta mikono, akamkuta mlangoni juani.

"Umerudi? Ndoo, bwana, yua kali."

Macho ya Husseini yalizunguka huku na huku, yanaona kila kitu, yanaomba.

"Una nini? Ngia." Alimshika mkono, mkono ulikuwa mgumu. "Bwana Husseini, ngia. Ngia kwako. Karibu. Ndoo ndani, nakuomba, ndoo!"

Nyuma yake, kutoka kitandani hadi ukutani, kitu kikaanza kuburuzwa. Hadia alimwita mumewe kwa kila neno alilolijua. Neno moja tu hakulisema, maana pita huambiwa mgeni, na ni mke gani anayemwambia pita mwenye nyumba?